Vifaa vya Ubatizo Nairobi: Tumevipima kwa Kazi ya Jumatatu

Kifurushi cha ubatizo kinachouzwa siku hizi katikati ya jiji huwa ni kisanduku cheupe chenye dirisha la sandarusi. Ndani mna mshumaa uliofungwa utepe, gauni au suti ya satini, taulo dogo lenye msalaba, rozari au Biblia ndogo, na kadi ya pongezi. Kinapendeza macho. Lakini Jumapili ikishapita, wageni wakishaondoka na sufuria za pilau zikishaoshwa, ni kitu gani humo kitakachoendelea kufanya kazi ya ubatizo nyumbani? Hicho ndicho tulichotaka kujua.

Tunauliza hivyo kwa sababu ubatizo hauishii kanisani. Paulo, katika Warumi 6, anasema mbatizwa amezikwa pamoja na Kristo ili aenende katika upya wa uzima, na kuenenda ni jambo la miguu, la kila siku. Martin Luther alifundisha mwaka 1529 kwamba maji yale yanamaanisha Adamu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa kutubu, na mtu mpya ainuke kila siku. Mkatoliki anayechovya kidole katika maji ya baraka mlangoni na kufanya ishara ya msalaba anaurudia ubatizo wake kila aingiapo kanisani. Kwa hiyo kifaa kizuri ni kile kinachomrudisha mtu kwenye siku ile bila kumsumbua. Kwa kipimo hicho vifurushi vingi vinaanguka, na vitu vingine vya bei ndogo vinafaulu kabisa.

Mshumaa

Tuanze na huu kwa sababu ndio unaonunuliwa kwa makosa zaidi. Katika ibada ya Kikatoliki, na katika makanisa mengi ya Kianglikana na ya Kilutheri, mshumaa wa mbatizwa huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, kisha mzazi au msimamizi huupokea kwa niaba ya mtoto. Desturi nzuri inayofuata ni kuuwasha tena kila mwaka tarehe ya ubatizo inapofika, familia ikarudia ahadi za ubatizo na kusali kidogo. Mshumaa ambao hakuna anayethubutu kuuwasha umeshindwa kazi yake.

Na ndivyo ilivyo kwa mishumaa ya vifurushi. Utepe wa polista umebandikwa sentimita 3 chini ya utambi, vumbi la kumetameta limepakwa mwili mzima, picha ya njiwa ni stika ya plastiki. Moto ukishuka kidogo, stika inajikunja, inatoa moshi mweusi na inaweza kushika moto. Hata ukiung'oa utepe, gundi inabaki. Wenye nyumba wanauona, wanauogopa, wanaurudisha kwenye kisanduku, na hapo ndipo unapokaa miaka yote.

Hesabu ya mshumaa mzuri ni rahisi. Mshumaa mwembamba wa kawaida hula takriban gramu 6 za nta kwa saa. Ukiwaka dakika 10, unakula gramu 1. Mshumaa wenye kipenyo cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 20 una takriban gramu 55. Toa gramu 2 au 3 za siku yenyewe, na zilizobaki zinatosha dakika 10 kila mwaka kwa nusu karne. Maana yake ni kwamba huhitaji mshumaa mnene kama mchi. Mshumaa mweupe usio na pambo, wa unene huo, unamfikisha mtoto kipaimara, ndoa na hata ubatizo wa watoto wake mwenyewe.

Ukitaka wa nta ya nyuki, upo katika baadhi ya maduka ya vifaa vya ibada, ila angalia usiuziwe parafini iliyotiwa rangi ya manjano. Kwangua kidogo chini ya mshumaa kwa ukucha. Nta ya nyuki inakuja kama uzi laini, ukiifinya inashikana na kulainika kwa joto la vidole, na ina harufu ya asali. Parafini inavunjika kama chenga. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haipindi ovyo. Parafini laini huanza kulegea mapema zaidi, na ukiiacha juu ya dashibodi ya gari mchana wa Februari, au kabatini chini ya paa la mabati lisilo na dari, utaikuta imepinda kama ndizi. Baada ya miezi kadhaa nta ya nyuki hutoa ukungu mweupe juu yake. Hiyo si kuoza. Futa kwa kitambaa laini na itang'aa.

Utambi nao uangaliwe. Ukiwa mrefu kupita kiasi unatoa masizi, kwa hiyo ukate ubaki milimita 5 kabla ya kuwasha. Pambo, kama ni lazima, liwe la kuchora: jina na tarehe ya ubatizo, yakichongwa kwa sindano iliyopashwa moto kidogo, kwenye theluthi ya chini ambayo moto hautaifikia karibuni. Ufunge katika kitambaa cha pamba, uulaze, usiusimamishe. Mapendekezo yetu: nunua mshumaa peke yake, nje ya kifurushi.

Vazi jeupe

Biashara Street ina nguo nyingi za watoto, na nyingi kati ya zile za ubatizo ni za satini ya polista. Zinang'aa, na mara nyingi bei yake iko chini ya ile ya pamba nzuri. Taabu yake unaiona mtoto akiwa kwenye kisima cha ubatizo. Satini inateleza mkononi mwa msimamizi, haifyonzi maji, na mtoto anatoka shingo ikiwa baridi na mbichi. Pamba inashikika na inafyonza.

Cha pili ni shingo. Kichwa cha mtoto wa miezi mitatu hadi sita kina mzunguko wa sentimita 40 hadi 43 hivi, kwa hiyo shingo ya vazi ikifunguliwa iwe na mzunguko usiopungua sentimita 45. Katika ibada ya Kikatoliki mtoto hupakwa mafuta ya wakatekumeni (wanaojiandaa kwa ubatizo) kifuani kabla ya maji, na krisma utosini baada ya maji. Vazi lenye vifungo vidogo vya mgongoni linamlazimu mama kumgeuza mtoto huku Padre amesimama na mafuta mkononi. Fundi wa kushona mtaani akiambiwa mapema atatia vifungo vitatu mbele, na shida imekwisha. Afadhali zaidi, mtoto aje na nguo nyingine nyepesi na lile vazi jeupe avikwe baada ya maji, kama ibada yenyewe inavyotaka. Vazi linamaanisha kwamba sasa amemvaa Kristo (Wagalatia 3:27), na akija tayari amelivaa tangu nyumbani ishara hiyo inapotea.

Krisma ni mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na balsamu, na doa lake ni doa la mafuta. Usilisugue kwa maji. Nyunyiza wanga wa mahindi, uache nusu saa unyonye, pangusa, kisha tia tone la sabuni ya vyombo na uoshe kwa maji ya vuguvugu. Dawa ya kung'arisha yenye klorini haitoi mafuta, na kwenye vitambaa vyenye nyuzi za kunyumbuka inaleta manjano. Fua vazi lote kabla ya kulihifadhi, hata kama linaonekana safi, kwa sababu matone ya maziwa yasiyoonekana leo yatakuwa madoa ya kahawia mwakani. Vazi la pamba lililotunzwa hivyo linawavika ndugu wote wa nyumba moja.

Kadi ya ubatizo

Hapa pana kuchanganyikiwa kwingi. Kadi yenye maua na njiwa inayochapishwa River Road ni zawadi. Kadi ya ubatizo ya kweli ni nakala ya kile kilichoandikwa katika kitabu cha kanisa. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inataka kitabu kibebe majina ya mbatizwa, ya aliyembatiza, ya wazazi, ya wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Baadaye kipaimara na ndoa huandikwa katika kitabu hichohicho. Ndiyo maana parokia inayofungisha ndoa huomba nakala mpya ya hivi karibuni, hata kama unayo kadi ya zamani safi kabisa. Inataka kuona kilichoongezwa pembeni.

Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Kibera na sasa anaishi Kitengela kitabu chake kiko kulekule Kibera. Jua jina la parokia, tarehe, na namba ya mstari katika kitabu. Kosa la kawaida ni jina: kadi inasema Josphat, cheti cha kuzaliwa kinasema Josephat, na miaka 20 baadaye familia inazunguka ofisini kutafuta marekebisho. Nenda na cheti cha kuzaliwa siku ya kujiandikisha, na kabla ya mhuri kugongwa soma herufi moja moja. Msimamizi naye awe ametimiza masharti, ikiwa ni pamoja na umri wa miaka 16 kwa kawaida na kuwa amepata kipaimara, la sivyo jina litakataliwa dakika ya mwisho.

Usiifunike kadi kwa plastiki ya moto. Ikishafungwa, haiwezi kuandikwa kipaimara wala kugongwa mhuri. Mfuko wa plastiki wa kutelezesha unatosha. Kwa makanisa yanayochapisha kadi zao, wino wa mashine ya leza hautoki maji yakimwagika. Wino wa kawaida wa mashine za kupuliza wino (inkjet) unayeyuka, isipokuwa ule wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka majini. Karatasi ya gramu 160 hadi 200 inavumilia kukunjwa.

Msalaba wa shingoni tuupitie haraka. Waorthodoksi, ambao Nairobi wana seminari yao Riruta, humvika mbatizwa msalaba wa kuvaa siku zote, na ni desturi inayofaa Jumatatu kuliko nyingi. Ila mkufu wa chuma haufai shingoni mwa mtoto mchanga anayelala, kwani unaweza kumkaba. Bandika msalaba kwenye vazi wakati wa ibada, kisha utundike juu ya kitanda mahali asipofikia mpaka akue.

Ubatizo wa maji mengi

Kwa makanisa yanayozamisha, mzigo wa ununuzi ni bwawa, na hapa makosa yanaweza kuumiza. Tumelinganisha aina nne: bwawa la kupulizwa hewa, tangi la plastiki lililokatwa juu, turubai la PVC ndani ya fremu ya chuma, na kisima cha kujengwa chenye vigae. Kisima cha kujengwa ndicho bora kwa kanisa lenye kiwanja chake. La kupulizwa hewa tunalikataa. Ukuta wake haumhimili mtu mzima anayeuegemea akitoka, na maji yote yanafuata upande huo. Tangi lililokatwa ni imara lakini ni la duara na jembamba, mtu mrefu anagonga kisogo. Kwa kanisa linalopanga ukumbi, chaguo letu ni fremu na turubai. Mafundi wa chuma wa Kamukunji wanatengeneza fremu za aina hiyo, na turubai hushonwa na wanaoshona ya malori.

Vipimo vinavyofanya kazi ni urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2, na maji ya kina cha sentimita 90 katika ukuta wa sentimita 110. Hapo mna lita 2,160. Watu wazima wawili wakiingia, maji yanapanda sentimita 5 au 6, kwa hiyo zile 20 za juu si za mapambo. Mishono ya turubai iwe imeunganishwa kwa joto. Ikishonwa kwa uzi, kila tundu la sindano litavuja. Vali ya kutolea maji iwe ya inchi 2, nayo itamaliza maji kwa takriban robo saa. Ile ya nusu inchi, ambayo mafundi wengine huweka kwa kuwa ni rahisi, itachukua zaidi ya saa 3, na mlinzi wa ukumbi amesimama na funguo.

Uzito ndio jambo ambalo wanunuzi husahau. Lita 2,160 ni kilo 2,160, na kila mita ya mraba ya sakafu inabeba kilo 900. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 250 hivi kwa mita ya mraba, ukumbi wa mikusanyiko kwa 400 hadi 500. Makanisa mengi ya Nairobi yanaabudu ghorofa ya pili au ya tatu. Bwawa hili lisiwekwe huko kamwe bila mhandisi kukubali kwa maandishi. Mahali pake ni chini, juu ya ardhi iliyoshindiliwa au zege, na zulia kuukuu chini ya turubai lisitobolewe na kokoto.

Maji yenyewe: kwa mgao wa jiji, usitegemee mfereji kufunguka Jumamosi jioni. Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika unahitaji karibu saa 2 na nusu kujaza, kwa hiyo jaza Ijumaa au agiza boza. Kama maji ni ya boza usiyemjua, tia klorini ya chembechembe ya asilimia 65, gramu 6 hadi 7 kwa bwawa zima, ikiwa imeyeyushwa kwanza katika ndoo. Kumwaga chembe moja kwa moja kunachoma turubai na miguu.

Julai maji ya Nairobi ni baridi ya kukata pumzi. Mtu anayezamishwa akishtuka huvuta pumzi bila kutaka, akameza maji, na badala ya kukumbuka kuzikwa na kufufuka anakumbuka kukohoa. Kupandisha lita 2,160 kwa nyuzi 10 kunahitaji stima ya takriban uniti 25, yaani zaidi ya saa 8 kwa hita ya kilowati 3. Njia ya haraka ni maji ya moto. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na yakifika bwawani yamebaki 85. Ndoo 13 za lita 20, zikichukua nafasi ya maji baridi ya kiasi hichohicho, zinapandisha bwawa kutoka nyuzi 17 hadi 25. Yabebwe kwa ndoo za chuma zenye mifuniko, yamwagwe kabla ya mtu yeyote kuingia, na yakorogwe hadi chini.

Hita ya umeme ing'olewe kwenye soketi na kutolewa majini kabla ya ibada. Kuizima tu hakutoshi. Na kipaza sauti chenye waya kisimfikie aliye majini. Mwaka 2005 huko Waco, Texas, mchungaji alikufa kwa kupigwa na umeme aliposhika kipaza sauti akiwa ndani ya kisima cha ubatizo. Asiye majini ndiye ashike kipaza sauti.

Joho la mbatizwa liwe zito. Jaribu kitambaa hivi: lowesha pembe, itandaze juu ya kiganja, na ukiona mistari ya kiganja, kirudishe. Pindo lishonewe vipande vinne hadi sita vya chuma kisichoshika kutu, la sivyo linaelea hadi kifuani na kuwatia aibu akina dada mbele ya kusanyiko. Mhudumu asimame ubavuni, mkono mmoja kati ya mabega ya mbatizwa, mwingine umeshika mikono yake iliyofumbatwa, kitambaa kikiwa puani. Mbatizwa akunje magoti, asijitupe. Kwa aliyesuka au aliyevaa wigi, mwambieni wiki moja kabla, maana wigi huelea.

Kasoro kubwa ya huduma hii iko nje ya bwawa. Wengi wanaozamishwa hawaondoki na chochote: hakuna mshumaa, hakuna msimamizi, na wakiulizwa tarehe wanasema ilikuwa Desemba fulani. Kanisa linaloweza kununua fremu ya chuma linaweza kuandika kitabu, na kumpa kila mmoja kadi yenye tarehe, mahali, na maneno aliyokiri akiwa majini, ya kubandika ndani ya jalada la Biblia anayoifungua kila asubuhi. Gharama yake ni karatasi moja.

Ibada ikiisha, maji yatolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto huzama hata katika maji ya magotini. Yahamishie kwenye mapipa yenye vifuniko. Kwa kiasi kile cha klorini yanafaa kudekia, kusafishia vyoo, na kumwagilia miti yakishakaa siku moja. Wiki inayofuata yasitumiwe tena kubatizia. Turubai lipanguswe, lianikwe pande zote mbili hadi likauke kabisa, ndipo likunjwe, na kila mara mikunjo ibadilishwe mahali, kwa sababu PVC hupasuka kwanza pale inapokunjwa siku zote.